Nyayo za Shilingi

Tofauti ilikuwa shilingi 9,000. Upande mmoja wa meza zilikaa kadi za wanachama wa chama kidogo cha akiba na mikopo, mia nne na ushee, kila kadi na bakaa yake. Upande wa pili ilikaa leja, na ndani yake akaunti kuu ya akiba. Ukijumlisha bakaa za kadi zote, jumla hiyo haina budi kulingana na leja. Jioni ile kadi zilipelea 9,000, katika chama ambacho akiba zake zilihesabika kwa mamilioni. Mhasibu, mama wa makamo aliyeninginiza miwani shingoni kwa uzi, alikuwa na siku mbili kabla ya wakaguzi kufika. Nilikuwa nimepita ofisini kwake kwa shughuli nyingine, nikajikuta nimekaa mpaka taa zikawashwa.

Nilimuuliza swali ambalo mtu asiye wa fani huliuliza. "Mama, si uitoe tu hiyo elfu tisa mfukoni mwako, mambo yaishe?"

Hakukasirika. "Mwanangu, nikiitoa nitakuwa nimeifukia, sijaipata. Hii elfu tisa ninayoiona yaweza kuwa milioni mbili zimepungua huku, na milioni mbili kasoro elfu tisa zimezidi kule. Zimefunikana, zikaniachia kidole tu kinachoonekana."

Akachukua kipande cha karatasi, akaanza kuihoji tofauti ile kama daktari anavyomhoji mgonjwa asiyejua kusema panapomuuma. Kwanza, je, kuna mtu aliyeweka 9,000 kamili na kadi yake haikuandikwa? Pili, nusu ya 9,000 ni 4,500. Je, kuna aliyeweka 4,500 ikaandikwa kwamba ametoa? Kosa la namna hiyo hujirudufu, kwa hiyo unalitafuta kwa nusu yake. Tatu, 9,000 inagawanyika kwa tisa. Hapo mwenye fani husimama, kwa sababu tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa tisa siku zote. Gawanya, upate 1,000, na jibu hilo linakuelekeza mlango wa kubisha: tazama pale penye maelfu na makumi ya maelfu, utafute tarakimu zinazopishana kwa moja. Ishirini na moja iliyoandikwa kumi na mbili. Thelathini na mbili iliyoandikwa ishirini na tatu. Au sifuri iliyoanguka njiani, 10,000 ikawa 1,000. Kwa hesabu ya dakika mbili, maingizo ya mwaka mzima yalipungua yakawa machache ya kutazamwa kwa jicho.

Nimemkumbuka mama yule kila ninaposoma habari za tuzo zinazotolewa kwa taasisi zilizoandaa vizuri taarifa zao za fedha. Kwa Tanzania, tuzo hizo hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Benki hushindanishwa na benki nyingine, kampuni za bima na kampuni za bima, halmashauri na halmashauri, mashirika yasiyo ya kiserikali katika kundi lao. Kenya zipo Tuzo za FiRe, zilizoanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Soko la Hisa la Nairobi. Waganda nao wana zao. Habari za tuzo hizi hupita upesi magazetini: picha ya kiongozi ameshika ngao, orodha ya washindi, aya mbili za pongezi.

Ngao huandikwa jina la taasisi, na ni haki, maana taarifa ya fedha ni kazi ya mikono mingi. Lakini ukitaka kujua hasa kilichotuzwa, inakubidi utoke ukumbini, upite ofisi ya mkuu wa fedha, ushuke mpaka kwenye meza ya karani aliyejaza hati ya malipo asubuhi ya siku ya kazi, hakuna aliyemtazama. Huko ndiko ninakotaka kumpeleka msomaji, kwa sababu ufundi ninaouona pale nauweka sawa na ufundi wa seremala anayepiga randa hata upande wa kabati utakaogeukia ukuta.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuisikia methali hii kama onyo juu ya wizi. Isikilize tena mwisho wake. Mali kuisha ni jambo la kawaida. Huliwa, huuzwa, hugawanywa, huibwa pia. Kinacholiliwa na methali ni kuisha bila habari, mtu akabaki mikono mitupu na asijue la kusimulia. Daftari haliongezi hata senti moja kwenye mali. Linaipa mali ulimi.

Maneno yenyewe ya kazi hii yalitia nanga pwani yetu zamani: hesabu, daftari, hati, stakabadhi, rasilimali, bakaa, amana. Yalikuja na biashara, na pamoja nayo yalikuja maadili yake. Aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika deni: muda wake utajwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Mfanyabiashara Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar alikuwa na jambo hilo katika kitabu chake kitakatifu kabla hajaona daftari lenye mistari ya kuchapwa. Dogo au kubwa: mama wa kadi mia nne angeelewa mara moja kwa nini maneno hayo mawili yamewekwa pamoja.

Ng'ambo ya pili ya biashara hiyo, mjini Venice, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha mwaka 1494 kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akatenga sehemu ya kueleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu. Hakuubuni mfumo huo. Aliueleza kwa utulivu ili wengine wajifunze. Kila jambo liandikwe mara mbili, mahali lilikotoka na mahali lilikokwenda, na mwisho pande hizo zilingane. Pacioli alifundisha pia kwamba kabla ya kuanza kuandika, mfanyabiashara apeleke vitabu vyake kwa ofisa wa mji, kama ilivyofanyika Perugia, aseme ni vya nani, nani ataandika, kwa fedha ya aina gani, na kila kitabu kina kurasa ngapi. Ofisa aandike hayo kwenye ukurasa wa kwanza na kugonga muhuri. Sababu yake aliitoa waziwazi: wako watu waliokuwa na vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi na kingine cha kumwonyesha muuzaji. Kwa hiyo hamu ya kutaka mtu wa nje athibitishe daftari ilikuwapo tangu sura za mwanzo za ufundi huu. Ngao zinazotolewa leo zina undugu na muhuri ule.

Lakini huna haja ya kwenda Venice. Nenda kwenye mkutano wa kikoba chochote kinachoendeshwa vizuri. Utaratibu wa vikundi hivi vya kuweka na kukopeshana ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaenea sehemu kubwa ya Afrika ukichukua majina mbalimbali. Katikati ya duara kuna kisanduku chenye makufuli matatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu, na anayelala na kisanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Kabla ya kufunga, mwekahazina hutaja bakaa, na wanachama huishika kichwani. Mkutano ujao, kisanduku hakijafunguliwa, wanaulizwa wiki iliyopita tulibakiwa na kiasi gani. Duara zima linajibu. Kisha ndipo makufuli yanafunguliwa na fedha inahesabiwa kuona kama inasema sawa na watu.

Nimewahi kusoma miongozo minene ya udhibiti wa ndani, na sijaona wazo kubwa ambalo halimo katika kisanduku kile. Mtunza mali asiwe mtunza kumbukumbu. Mwenye kuidhinisha asiwe mwenye kulipa. Bakaa ya jana iwe mwanzo wa leo, mbele ya mashahidi. Benki kubwa hufanya hayo kwa nywila na ngazi za idhini. Wanawake wa kikoba huyafanya kwa kufuli za dukani. Ufundi ni mmoja.

Sasa tuifuate shilingi. Chukua mstari mmoja katika taarifa ya fedha ya halmashauri yoyote: dawa na vifaa tiba. Mbele yake kuna namba ya maelezo. Ukienda kwenye maelezo hayo nyuma ya kitabu, unakuta mchanganuo. Mchanganuo unakupeleka kwenye leja. Mstari wa leja una namba ya hati ya malipo. Fungua jalada, hati hiyo ipo, na nyuma yake viambatisho vimebanwa kwa mpangilio: ombi la zahanati, oda ya ununuzi, ankara ya muuzaji, hati ya kupokelea mali yenye saini za waliofungua maboksi na kuhesabu. Hati ya kupokelea mali inakupeleka kwenye leja ya stoo, na leja ya stoo inakupeleka kwenye rafu. Pale kwenye rafu, kama kazi imefanyika, unaweza kuweka mkono juu ya boksi la dawa na kusema: shilingi iliyoandikwa kwenye kitabu kilichochapwa kwa rangi ndiyo hii.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Mhasibu mwema huacha nyayo kila anapokanyaga, ili mtu asiyemfahamu, atakayekuja baada ya miaka mitatu yeye akiwa amehamishwa au amestaafu, aweze kutoka kwenye jumla kubwa akarudi mpaka kwenye kitu chenyewe bila kumpigia simu. Anaandikia mgeni. Kila "kulipia gharama mbalimbali" aliyokataa kuiandika, akaandika badala yake gharama za nini, za lini na kwa idhini ya nani, ni jiwe aliloliweka njiani kwa ajili ya mgeni huyo.

Na njia ina mielekeo miwili, jambo ambalo ilinichukua muda kulielewa. Mkaguzi anaposhuka kutoka kwenye kitabu kwenda kwenye rafu, anauliza: mlichoandika kipo? Anapopanda kutoka kwenye rafu kwenda kwenye kitabu, anauliza swali jingine kabisa: kilichopo mmekiandika? Swali la kwanza hukamata mali hewa. La pili hukamata mali, na hasa madeni, yaliyofichwa. Ndiyo maana siku ya kuhesabu stoo mwishoni mwa mwaka, utamwona mkaguzi akichagua mistari kadhaa kwenye orodha na kwenda kuitafuta sakafuni, kisha akichagua magunia kadhaa sakafuni na kwenda kuyatafuta kwenye orodha. Huandika pia namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mali, ili lori lililoingia usiku wa 31 Desemba lisije likahesabiwa mwaka huu na mwaka ujao, wala lisikose pote pawili.

Utaratibu huo wa kwenda kuona kwa macho una historia yenye maumivu. Mwaka 1938 nchini Marekani iligundulika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa imeandika vitabuni mamilioni ya dola za shehena katika maghala ya Kanada, na shehena haikuwapo. Rais wa kampuni, aliyejiita F. Donald Coster, alikuwa kwa jina lake halisi Philip Musica, mtu aliyekwisha kupatikana na hatia za ulaghai siku za nyuma. Karatasi zote zilikuwapo: oda, ankara, hati za usafirishaji. Wakaguzi walizisoma, na kwa desturi ya wakati ule hawakulazimika kwenda ghalani. Mwaka uliofuata chama cha wahasibu cha Marekani kilibadili taratibu: mkaguzi ashuhudie mali ikihesabiwa, na awaulize wadaiwa moja kwa moja kama kweli wanadaiwa. Kila hatua inayoonekana ya kuchosha katika kazi hii ina kovu kama hilo chini yake.

Kila mwezi kuna kazi nyingine ndogo isiyopigiwa makofi, usuluhishi wa benki. Daftari la fedha la taasisi linasema kiasi fulani, taarifa ya benki inasema kingine, na zote mbili zaweza kuwa kweli. Hundi imeandikwa lakini mwenyewe hajaipeleka benki. Benki imekata ada ambayo huku haijaandikwa. Mtu ametuma fedha kwa simu bila kutaja namba yake ya uanachama, na fedha hiyo imekaa haina mwenyewe. Mhasibu anapanga sababu hizo moja chini ya nyingine mpaka pande mbili zikutane, na kila iliyobaki huiwekea alama ya kufuatiliwa. Taasisi inayofanya usuluhishi kila mwezi hugundua kosa likiwa bado bichi, waliohusika wakiwa bado wanakumbuka. Inayongoja mwisho wa mwaka hukuta kosa limekauka na watu wameondoka.

Kompyuta zimekuja, na zimesaidia. Mfumo wa leo hautakuruhusu kuandika upande mmoja bila wa pili. Lakini kulingana hakujawahi kuwa ukweli wote. Ukimwingizia Asha fedha ya Aisha, mfumo utalingana vizuri kabisa, na Aisha ataonekana hajalipa. Urari unakuambia kwamba kila shilingi imewekwa mahali. Kujua kama mahali penyewe ni pake kunabaki kuwa kazi ya mtu anayesoma jina kwa makini.

Tukifika kwenye kitabu kilichokamilika, kile kinachopelekwa kwa majaji wa tuzo, tunakutana na ufundi wa aina nyingine, ule wa kuandika. Watanzania wengi wanalijua neno hati safi, kwa sababu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni na kujadiliwa hadi vijiweni, pamoja na ndugu zake: hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na ile ya mkaguzi kushindwa kutoa maoni. Hati safi inasema kwamba taarifa zimeonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba, wala kwamba fedha imetumika kwa busara. Ni uhakika wa kuridhisha, si uhakika kamili, na wakaguzi wenyewe huyaandika hayo katika ripoti zao. Anayewania tuzo hana budi kwenda mbele ya hapo. Hati safi ni kufaulu mtihani. Tuzo hutazama mwandiko.

Na mwandiko huonekana kwenye maelezo yaliyo nyuma ya kitabu, kurasa zinazorukwa na wengi. Chukua benki na mikopo yake. Tangu 1 Januari 2018, chini ya kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, benki haisubiri mkopaji ashindwe ndipo ikiri hasara. Inakadiria mapema kiasi gani huenda kisirudi. Kukadiria ni kusema juu ya kesho, na anayesema juu ya kesho anawiwa na msikilizaji wake. Maelezo mabaya yatakupa namba na sentensi iliyonakiliwa kutoka kwenye kiwango. Maelezo mazuri yatakuambia: tumechukua mikopo ya aina hii, tumetazama miaka kadhaa iliyopita, tumedhani mambo haya juu ya uchumi, na kama dhana yetu ikipinda kidogo hasara itaongezeka kwa kiasi hiki. Msomaji anapewa jibu pamoja na mahali pa kulitilia shaka.

Kuna maelezo ya biashara na watu wa karibu: kampuni imenunua kwa nani, na huyo ni nani kwa mkurugenzi. Kuna maelezo ya matukio yaliyotokea baada ya mwaka kufungwa lakini kabla kitabu hakijasainiwa. Ghala limeungua mwezi wa Januari, na msomaji wa takwimu za Desemba ana haki ya kujua. Yapo pia maelezo ninayoyaheshimu kuliko yote, yale yanayosahihisha mwaka uliopita. Viwango vinataka taasisi ikigundua kosa kubwa la nyuma irudi, irekebishe takwimu zile za zamani, na ieleze kosa lilikuwa la namna gani na la kiasi gani. Hebu fikiria inavyohitaji moyo mtu kuandika hivyo katika kitabu chenye picha ya mwenyekiti ukurasa wa kwanza. Kosa lingeweza kuingizwa kimyakimya katika matumizi ya mwaka huu na wasomaji wengi wasingetambua. Anayeliandika wazi amekubali kuonekana mdogo kidogo leo ili namba zake ziaminiwe miaka mingi.

Tuzo zenyewe hazina kinga dhidi ya uongo, na hatuzitendei haki tukinyamaza juu ya hilo. Mwezi Septemba 2008 kampuni ya kompyuta ya Satyam ya India ilipewa tuzo ya kimataifa ya utawala bora wa makampuni, iitwayo Golden Peacock. Mnamo 7 Januari 2009 mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, aliandika barua ya kukiri. Vitabu vilionyesha fedha taslimu na amana za benki za rupia bilioni 53.6, na kati ya hizo bilioni 50.4 hazikuwapo. Zaidi ya rupia tisa katika kila kumi zilikuwa wino mtupu. Satyam, kwa Kisanskriti, maana yake ni ukweli. Tuzo ilinyang'anywa.

Kosa la msingi lilikuwa dogo kiasi cha kutia uchungu. Ukitaka kujua kama fedha ipo benki, fani ina kanuni ya kale: mkaguzi aandike barua mwenyewe, aipeleke benki mwenyewe, na jibu limfikie yeye mwenyewe, bila kupita mikononi mwa anayekaguliwa. Mwaka 2011 mamlaka za Marekani ziliwaadhibu wakaguzi wa Satyam, na miongoni mwa sababu ni kwamba walikuwa wamewaachia viongozi wa kampuni usimamizi wa barua hizo, kwenda na kurudi. Mwenye kisanduku alikuwa amepewa na funguo.

Wengine husoma kisa hicho wakasema tuzo hazina maana. Mimi nimejifunza jambo jingine. Hakuna ngao, hati wala muhuri unaoweza kuchukua nafasi ya ile safari ya kurudi nyuma mpaka kwenye kitu chenyewe. Tuzo nzuri humtazama mtu aliyefanya safari hiyo na kumwambia: tumeiona kazi yako. Pale majaji wanapokaa na kitabu cha kurasa mia mbili, wakafuata kila namba ya maelezo kuona inafika inakosema, wakalinganisha maneno ya mwenyekiti mwanzoni na takwimu za nyuma kama yanaelewana, wanafanya kwa ajili yetu kitu ambacho wengi wetu hatuna muda wala elimu ya kukifanya. Na wanapomnyima ngao mwenye kitabu cha kupendeza ambacho nyayo zake zinapotea katikati, wanawafundisha wengine wote namna ya kuandika mwaka ujao.

Kijijini jambo hili lina sura yake. Nchini Tanzania mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kukaa kila robo mwaka, husomewa mapato na matumizi. Mahali unapofanyika inavyostahili, mtendaji husimama chini ya mti na kusoma, mzee mmoja mwenye mkongojo akauliza: ile mifuko kumi ya saruji, mbona mimi nimeona saba? Hakuna jaji wala ngao. Lakini mtendaji akiweza kufungua jalada, akatoa stakabadhi na kuonyesha kwamba mitatu ilipelekwa kwenye choo cha shule, halafu watu wakanyanyuka wakaenda kukiona choo hicho, basi kijiji hicho kimefanya kwa dakika ishirini kile ambacho vitabu vya kuchapwa kwa rangi hujitahidi kukifanya.

Mama yule aliipata 9,000 yake kama saa mbili usiku. Alikuwa amefika kwenye maingizo ya mwezi wa nane. Stakabadhi ilisema 54,000, daftari la fedha lilisema 54,000, na kadi ilisema 45,000. Hapakuwa na wizi. Karani alikuwa amechoka, au alikuwa amezungumzishwa wakati anaandika. Mama alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya 45,000, namba ya zamani ikabaki inasomeka chini yake, akaandika 54,000 kando, tarehe, saini, na namba ya stakabadhi. Hakufuta. Katika fani yake kufuta ni kufuta nyayo.

Kisha akageuza kadi kutazama jina. Alikuwa mwanachama anayeuza samaki wa kukaanga sokoni. Tangu mwezi wa nane kadi ya mwanamke huyo ilikuwa imembania elfu tisa na mwenyewe hakujua. Pengine angejua siku ya kuja kuchukua akiba zake, pengine asingejua kamwe. Na kama elfu tisa ya mfukoni ingetolewa kama nilivyoshauri mimi, hesabu zingelingana, wakaguzi wangeridhika, na mwanamke yule angebaki amepunjwa na kitabu kisicho na kasoro.

Kiswahili kinaiita fedha ya mteja amana, neno lile lile tunalolitumia kwa kitu ulichokabidhiwa kwa kuaminiwa. Mama alivua miwani, akairudisha kadi mahali pake kwa mpangilio wa namba, akafunga kabati, akaujaribu mlango wake mara mbili kama umefungika kweli. Tukazima taa.